Sauti Tatu Ndani ya Dossier Iliyofungwa

Mimi hasira yangu inaanzaka mbele ya akili. Bote ku radio banajua. Mashine ikikataa, ninaitukana kwanza, kisha ninatafuta shida iko wapi. Lakini ile asubuhi sikutukana. Nilikaa tu mbele ya écran ya mashine, sababu jina la mama yangu lilikuwa pale, mbele ya macho yangu, na mashine ilikuwa inakataa nilifungue.

Ninatunzaka mashine za radio moja ndogo hapa Butembo. Radio yetu iko na bureau ingine ku Beni, chumba moja tu na mutu mumoja ndani, journaliste mwenye amenipita miaka mingi, mimi ninamuita yaya, mukubwa wangu, na yeye ananiita leki, mudogo wake. Katikati ya hizi bureau mbili kuko dossier moja ya pamoja, mufuko wa kuwekea sauti. Inakaa ndani ya mashine ya Beni, lakini mimi ninaiona hapa kwangu sawa vile iko pa meza yangu. Yaya anaweka sauti ndani kule, mimi ninaifungua huku, na saa sita inapita ku antenne, batu bote banaisikia. Mashine zote mbili ziko na Linux, programu yenye kuziendesha. Zamani tulikuwa na ingine, virusi za clé USB zikakula archives, sauti zetu zote za zamani, nikaapa mbele ya chef wa radio kwamba hazitakula tena.

Saa sita njo saa ya communiqués, matangazo ya batu. Mu maduka ya Bulengera, hapa Butembo, banapandisha sauti ya radio, bamama wa soko banaacha kubishana, motari anasimamisha pikipiki kando ya barabara. Zamani ilikuwa tu nani amekufa, maziko ni wapi, ng'ombe ya nani imepotea. Sasa, tangu batu ba pori balianza kuchinja upande wa Beni, ni vilevile nani amekimbia na amefikia wapi. Yaya anachukua enregistreur yake, kile kimashine cha kushika sauti, anaenda pale bakimbizi banafikia, na kila mutu anasema maneno yake kidogo: batoto bangu, niko muzima, niko fulani pahali. Batu bangapi balijua hivi kama wa kwao bako bazima! Kazi yangu ni ndogo mu ile kazi, lakini niliipenda.

Mama yangu alikuwa ameenda kwa mudogo wake, mbali kidogo na Beni, kuvuna kakao. Nilimukataza. Nilipiga makelele nyumba muzima. Akafunga kitenge yake, akaniambia kakao haingojeake mutu mwenye kuogopa, na ile hasira niliipata kwake, donc hakuna mwenye alishinda. Alipanda gari. Nyuma ya siku chache, habari ikafika kwamba bale batu bameingia mu mashamba ya upande ule, na tangu pale simu yake ikanyamaza. Réseau yote ya simu ya kule ilikatika. Kila nikipiga, ile sauti ya mwanamuke wa réseau inaniambia kwa Kifaransa nijaribu tena, na adabu yake yote. Nilitaka kuipiga kofi.

Lakini antenne yetu ya pa kilima, ile inaunganisha bureau mbili, haihitaji simu. Asubuhi ile nilifungua dossier na nikaona yaya ameweka sauti nyingi. Nikashukuru Mungu kwa sauti kubwa. Kisha nikasoma majina.

Sisi Banande, jina la mutoto linangojea mutoto mbele azaliwe. Mutoto mwanamuke wa kwanza iko na lake, wa pili na lake, mwanaume wa kwanza na lake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukisimama mu soko yetu na uite jina la binti wa kwanza, nusu ya soko itageuka. Yaya hakuandika jina la ubatizo, hakuandika kijiji, hakuandika kitu. Kila sauti aliipa tu jina la kuzaliwa, na nyuma yake namba. Mama yangu ni mutoto wa kwanza. Na majina ya binti wa kwanza yalikuwa matatu: moja, mbili, tatu.

Nikabonyeza ya kwanza. Mashine ikaninyima ruhusa: Permission non accordée. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Basi nikafanya vile fundi anafanyaka. Niliuliza mashine inionyeshe kila sauti ni ya nani, na nani iko na ruhusa ya kuisoma. Ikanijibu kwamba mwenye sauti peke yake njo anaweza kusoma na kuandika, bengine hapana, hata kidogo. Mbele haikuwa hivi. Mbele kila mutu wa radio alikuwa anasoma. Nikasema sawa, nitaingia kama root, lile jina la mwenye mashine, mwenye hakuna mulango unamufungia. Nikaingia. Permission non accordée. Nikajaribu kubadilisha ruhusa kwa nguvu. Opération non permise: haikubaliwe. Hapo nikakumbuka mimi mwenyewe njo niliitengeneza hivyo: root wa Butembo ni mukubwa hapa Butembo tu. Akigonga ku mulango wa Beni, mashine ya Beni inamuhesabu mutu bure, mupita njia. Ni kinga nzuri. Nilijisifu nayo siku nilipoiweka, na ile asubuhi ilinifunga mimi.

Mashine haikunikataza kuona kitu kimoja: ukubwa wa kila sauti. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya tatu ilikuwa ndefu. Ya pili ilikuwa fupi sana. Mutu mwenye kusema niko muzima anaendelea kusema: anasalimia, anauliza batoto, anataja mbuzi. Habari ya kifo haichukuake maneno mingi. Ingeweza kuwa yaya mwenyewe, na ile sauti yake ya communiqué, anasema fulani hayuko tena. Niliangalia ile namba ndogo mpaka macho yakaniuma. Nilikuwa ninaogopa ifunguke, na nilikuwa ninaogopa isifunguke.

Nikamuandikia yaya kupitia mashine: Yaya, fungua dossier, mama yangu iko ndani. Lakini nilijua alikuwa inje na enregistreur, anaweka sauti na anarudi kwa batu. Hapo njo nikakumbuka neno aliniambia mbele réseau ikatike. Kulikuja banaume babili ku bureau yake, na adabu mingi, banauliza bakimbizi ba upande fulani banalala wapi, eti banatafuta ndugu. Hakuna mwenye aliwajua. "Leki," aliniambia, "hizi sauti zinasema batu bako wapi. Na radio, nani anaisikilizaka? Bote. Nitafunga kidogo." Mimi nikajibu ndiyo yaya, ndiyo yaya, huku ninatafuta kebo chini ya meza. Sasa nikaelewa alifunga nini, na juu ya nani. Kuko mafundi, kitu kikikataa tu, banapiga ile amri ya kufungulia dunia muzima, kila mutu asome, kila mutu aandike, kazi imekwisha, twende tukule. Siku ingine ningekuwa mumoja wao. Lakini wale banaume babili balikuwa batu pia, na dossier yenye inafungukia bote ingewafungukia na wao.

Nikarudi kuangalia mwenye sauti ni nani. Na pale hasira ikapata njia, juu mashine iliandika wazi kwamba mwenye zile sauti zote ni mama wa caisse.

Mama wa caisse yetu, mwenye kutunza pesa ya radio, ni mama mutaratibu, wa sauti ya chini, anaogopa mashine kama nyoka. Kuizima tu anafanyaka alama ya musalaba. Nilifika mu bureau yake mbiombio.

"Mama, ulifanya nini mu dossier ya Beni?"

Akaruka. Kalamu ikaanguka. "Mimi? Dossier gani? Hata siijue! Nilibonyeza kitu? Yee Mungu, nilibonyeza nini?"

"Sauti zote ziko na jina lako!"

"Lakini mutoto wangu, Beni mara ya mwisho nilienda ku harusi."

Nikaokota kalamu yake. Nikaona haya. Nikakaa pa kiti cha wageni, na njo kukaa kulinipa akili. Mashine hazijue batu kwa majina. Ku écran zinatuonyesha majina juu ya kutufurahisha, lakini zenyewe kwa zenyewe zinatumiana namba tu, na kila mashine inatafuta ile namba mu orodha yake ili ijue ni nani. Yaya, ili afunge sauti zake, alitengeneza mutumiaji mupya mu mashine ya Beni, na mashine ikamupa namba yenye ilifuata. Kule, ile namba ni yaya. Huku kwangu, ile namba niliisha kumupa mama wa caisse, siku nilimufungulia mashine yake. Donc mashine ya Beni, ikimuona mama wa caisse anakuja, ingesema: karibu yaya, ingia.

"Mama," nikasema polepole, "wewe njo iko na ufunguo."

"Ufunguo gani tena?" Akashika mufuko wa kitenge yake.

Ukweli ni kwamba sikumuhitaji. Mwenye mashine anaweza kujivika jina la mutu yeyote wa mashine yake bila kumuuliza. Ningerudi peke yangu, nivae namba yake, nifungue. Lakini niliogopa. Sikutaka kusikia ile sauti fupi nikiwa peke yangu mu chumba. Nikamuomba aje akae karibu yangu. Akaacha caisse wazi, yeye mwenye hata ku choo anaendaka na funguo, akanifuata.

Tulipopita pa mulango mukubwa, batu balikuwa bamejaa ku banc ya kukalia na chini ya ukuta. Ni vile kila mara kukiwa mashambulizi: batu hawangojee saa sita, banakuja kukaa karibu na radio sawa vile kukaa karibu kutafanya habari iharakishe. Hawapigake makelele. Bengine banashika simu zenye hazina réseau, banaziangalia tu. Mwanamuke mumoja wa Bulengera, wa umri wangu, na kitenge ya kijani, akasimama akanishika mukono.

"Dada, sauti zilifika?"

Chef alikuwa ametuambia tusijibu kitu mbele ya bulletin ya saa sita. Sijue juu ya nini nilimuuliza: "Unatafuta nani?"

"Mama yangu. Alikuwa ku kakao."

"Mama yako ni mutoto wa ngapi?"

Hapa kwetu hakuna mwenye anashangaa na ile swali. "Wa kwanza," akasema.

Nikamuambia: "Na wangu vilevile. Kuja."

Tukafunga mulango wa chumba. Mama wa caisse akakaa mbele ya clavier na akaandika mot de passe yake, neno lake la siri, kwa kidole kimoja, huku ametuambia tugeuke, tusiangalie. Tuligeuka. Casque ya kusikilizia ilikuwa moja tu, na sikutaka kuweka ile sauti inje, juu ukuta wetu ni wa mbao na batu balikuwa nyuma yake. Tukaigawa: sikio moja kwangu, sikio moja kwa ule dada. Vichwa vyetu viligusana. Alikuwa ananuka moshi ya makala ya kupikia na sabuni, na nilisikia moyo yake, ao labda ilikuwa yangu.

"Nibonyeze wapi?" mama wa caisse akauliza.

"Pale. Moja."

Akafanya alama ya musalaba, akabonyeza. Ikafunguka. Ingekuwa siku ingine ningepiga makofi.

Kwanza yaya akasema, sauti yake imechoka: "Hii hapana ya antenne. Hii ni ya familia tu." Kisha mwanamuke, muzee, sauti nene, anaita batoto bake mumoja mumoja, na kila jina ni jina la kuzaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikajua haikuwa mama yangu mbele hajamaliza neno la kwanza. Nikageuka kuangalia yule dada. Alitikisa kichwa. Tulipumua pamoja, sijue kama ni furaha ao nini. Kulikuwa mutu muzima mu dunia, na hakuwa wa kwetu.

"Mbili," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mutoto.

Mama wa caisse hakujua kitu juu ya ukubwa wa ile sauti, akabonyeza tu. Mimi nilifunga macho. Yaya akasema tena: hii hapana ya antenne. Kisha kimya. Kisha mwanamuke, karibu sana na enregistreur, anapumua kwanza: "Niko. Batoto, niko." Na ikaisha. Njo ufupi wake wote. Alikuwa amechoka tu, maskini, alikuwa amekimbia. Nilitoa machozi juu ya mutu nisiyemujua. Yule dada alishika mukono yangu na kucha zake zikaingia.

"Siyo yeye," akasema.

"Hata wangu siyo."

Tulijua hesabu bote babili. Kulikuwa kumebaki sauti moja, na mama babili. Ingeweza kuwa wake, ingeweza kuwa wangu, ingeweza kuwa wa mutu mwengine kabisa mu nusu ya ile soko. Niliomba Mungu. Niliomba iwe mama yangu, na nilijua vizuri, sikio langu likiwa karibu na sikio lake, kwamba ninaomba isiwe wake. Na niliona midomo yake, na yeye alikuwa anaomba. Ile uoga sikuwahi kuijua. Kuogopa bale batu ba pori ninajua, tunakomaa nayo. Lakini kumuogopa mwanamuke mwenye amenishika mukono, kweli, ile ilikuwa ya kwanza.

"Nibonyeze?" mama wa caisse akauliza kwa sauti ya chini, kisha akabonyeza mwenyewe.

Yaya: hii hapana ya antenne. Kisha kikohozi. Kisha mutu akapiga kelele ndani ya enregistreur sawa vile enregistreur ni kiziwi:

"Inasikia? Nisemee hapa? Eh! Muambie binti yangu wa radio asikuje! Ninamujua, ana kichwa kigumu, atatafuta pikipiki. Barabara haiko muzuri! Mudogo wangu iko hapa, tuko bote. Alisahau nyungu pa moto, nilimugombeza mpaka tumefika. Asikuje, asikuje, muambie, na asimutukane ule mwenye kumuletea hii habari!"

Na ikaendelea, ndefu, na shamba, na viatu vyake vyenye vilibaki, na kakao. Mama wee! Nilicheka kwa sauti, nikalia, nikapiga meza na ngumi, mama wa caisse akaanza kuimba chini-chini wimbo wa kanisa na kunishika kichwa. Sijue nilikaa hivyo muda gani. Nilijisikia nimezaliwa upya, mwili muzima ulikuwa mwepesi, na kulikuwa kitu kimoja tu sikutaka kufanya, ni kugeuza kichwa upande wa kuume.

Nikageuza. Yule dada alikuwa hajatoa sikio lake ku casque. Alikuwa anaangalia écran, ile pahali majina yanaisha.

"Hakuna ingine, ya ine?" akauliza.

"Hakuna, dada. Yaya iko angali inje, ataleta zingine. Ataleta." Nilisema mbio, na nilisikia vile sauti yangu ilikuwa imejaa furaha, na sikuweza kuificha.

"Rudisha ile ya mwisho," akasema. "Labda hatukusikia vizuri."

Nilitaka kumuambia kwamba nilisikia vizuri. Lakini nilitoa casque ku kichwa yangu, nikamuwekea masikio yote mawili, nikamufanyia mama wa caisse alama na kichwa. Akabonyeza tatu. Yule dada akafunga macho na akasikiliza mama yangu anapiga makelele, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na viatu, na nyungu, na kakao, hakuruka hata neno moja. Mimi nilisimama pale bila kusikia kitu, ninaangalia uso wake.

Ilipoisha akatoa casque, akaiweka mu mikono yangu polepole.

"Ni wako," akasema. Akafunga kitenge yake vizuri, akashukuru mama wa caisse, na akarudi inje kukaa ku banc.